Mikono mfukoni nyuma ya peva

Siku yangu ya kwanza nyuma ya peva niliambiwa nitie mikono mfukoni. Nilidhani ni utani wa kumpokea mgeni. Nilikuwa na glovu mpya na buti ambazo hazijawahi kugusa lami, na nilitaka sana nionekane nachapa kazi. Mzee aliyesimamia skridi, mtu mwembamba mwenye sauti iliyokwaruzwa na miaka ya kushindana na injini, akanitazama kuanzia chini hadi juu. "Kijana, leo unatembea na kutazama tu. Ukishika kitu, nakurudisha kwenye beleshi."

Nikatembea saa nne nzima nimevimba kwa hasira. Tangu hapo nimepita kwenye beleshi kweli, nikaenda kwenye reki, rola, skridi, na sasa niko upande wa matengenezo. Katika safari yote hiyo nimeona barabara nyingi zikiharibiwa na mikono. Mashine inapokwenda vizuri tunaishikashika. Inapohitaji kushikwa, jioni, imezimwa, imechafuka na kila mtu ana hamu ya kuondoka, tunaipa mgongo.

Kwa ambaye hajawahi kuisogelea, peva ndiyo mashine inayotandaza lami moto. Mbele ina hopa, beseni kubwa ambamo tipa humwaga mzigo. Chini ya hopa kuna minyororo yenye vyuma vya kukingama, inaikokota lami kuipeleka nyuma. Huko parafujo mbili kubwa zinaigawa kulia na kushoto, halafu inafuata skridi, bamba zito la chuma lililopashwa moto ambalo hupita juu ya lami na kuiacha imelala. Rola zinakuja nyuma kushindilia.

Mambo yote yako kwenye skridi. Hata watu waliokaa kazini miaka mingi huiona kama kisu cha greda: ukiishusha inashuka, ukiipandisha inapanda. Kumbe skridi inaburutwa tu. Imeshikwa na mikono miwili mirefu ya chuma iliyofungwa ubavuni mwa peva, na yenyewe inaelea juu ya lami kama ngalawa juu ya maji. Mtindo huo ulianzishwa na kampuni ya Barber-Greene ya Marekani miaka ya 1930, na peva za leo, pamoja na skrini zake zote, bado zinaburuta skridi kwa namna ile ile. Unene unaamuliwa na mvutano wa mambo kadhaa kwa pamoja: uzito wa skridi, mwendo wa mashine, wingi wa lami iliyorundikana mbele yake, ugumu wa hiyo lami, na pembe ya bamba. Gusa kimoja, skridi inaanza kutafuta mahali papya pa kutulia. Lami ikirundikana mno mbele, inapanda. Ikipungua, inazama. Ukisimama muda mrefu kusubiri tipa, skridi inadidimia palepale ilipo, na lami iliyoganda mbele yake huja kuinyanyua ukishaondoka. Hapo umeacha shimo na tuta kwa mpigo mmoja, na hakuna rola itakayolifuta.

Pembeni mwa skridi, kila upande, kuna mpini wa kuzungusha unaobadilisha pembe ya bamba. Huo mpini ndio uliomfanya mzee anitie mikono mfukoni.

Baada ya wiki kama mbili alinipa chaki. Akauzungusha mpini robo mzunguko nikimwona, akaniambia nichore mstari pembeni palepale, kisha nichore mwingine kila baada ya urefu wa mkono wa skridi. Mkono wa mashine yetu ulikuwa mita 3 hivi. Kwenye kila mstari nilichomeka fimbo ya kupimia na kusoma unene. Mstari wa kwanza, karibu theluthi mbili ya badiliko imeshatokea. Wa pili, imeongezeka kidogo. Wa tatu, kidogo zaidi. Mpaka unene utulie kabisa tulikuwa kwenye mstari wa tano, mita 15 kutoka pale alipouzungusha.

"Sasa niambie," akasema, "yule anayepima baada ya hatua moja, akaona hakuna kitu, akazungusha tena, huko mbele anakutana na nini?"

Anakutana na lami nene kuliko alivyotaka. Anaurudisha mpini. Mita kumi mbele anaikuta nyembamba, anazungusha tena. Kutwa nzima anatoka jasho, kila anayepita anamsifu kwa uchapakazi, na nyuma yake amelaza mawimbi ambayo madereva watayasikia viunoni kwa miaka. Mimi mwenyewe nimelaza mawimbi hayo. Barabara ile ningeitambua hata nikiwa nimefumba macho kwenye siti ya abiria.

Kosa jingine la wageni ni kusahau kwamba fimbo inapima lami ambayo haijashindiliwa. Ukitaka milimita 50 baada ya rola kumaliza, huna budi kutandaza 60 au zaidi kidogo. Nimewahi kumwona msimamizi akifoka kuwa tumezidisha unene na kula mzigo wake, wakati rola ya kwanza haijapita hata mara moja.

Sensa zilipokuja tulizishangilia. Sasa mashine ingejitazama yenyewe. Kidude kidogo kinaning'inia pembeni mwa skridi, kinatuma mlio ambao sikio haliusikii, mlio unagonga chini na kurudi, na kwa muda uliotumika kinapiga hesabu ya umbali. Kikiona umbali umebadilika kinaamuru silinda ya haidroliki ipandishe au ishushe ncha ya mkono wa skridi. Tulipewa mafunzo ya siku mbili chumbani, picha zikiangazwa ukutani. Mkufunzi alikuwa mtu mwungwana na aliijua mashine yake, lakini alitufundisha vitufe. Bonyeza hapa, subiri taa ya kijani, bonyeza pale. Walioitwa ni maopereta na sisi wa skridi. Wa beleshi na wa reki waliachwa kazini, eti haiwahusu.

Wiki ya tatu ubavu wa kushoto ukaanza kupanda na kushuka. Fundi umeme akabadilisha waya. Haikusaidia. Akabadilisha sensa, akabadilisha kisanduku cha kuongozea, siku mbili zikateketea. Siku ya tatu nikamwomba asiguse chochote, nikatia mikono mfukoni na kutembea na mashine nusu saa nikitazama ubavu ule tu. Nikamwona. Kijana wa beleshi aliyesafisha ukingo alikuwa akitembea sambamba na peva, na kila alipopata nafasi ya kupumzika aliliacha beleshi lake lining'inie, ubapa wake ukiwa chini kabisa ya sensa. Sensa ikaona ardhi imesogea, ikaamuru skridi ipande. Kijana akainua beleshi kwenda kukwangua kidogo, ikaamuru ishuke. Alikuwa anaendesha skridi yetu kwa beleshi, bila kujua, na bila mtu kumwambia kwamba kile kidude kina macho.

Sikumlaumu. Ningemlaumu vipi, wakati mafunzo hayakumhusu? Tangu siku hiyo, mashine mpya ikija, nang'ang'ania watu wote wa kikosi wakae kwenye maelezo, hadi anayeelekeza matipa. Wakati mwingine nakubaliwa, wakati mwingine naambiwa muda hautoshi.

Kuna jambo jingine la sensa hizo ambalo vitufe havikufundishi. Mwendo wa sauti hewani hubadilika na joto, kama mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Juu ya lami moto hewa inatetemeka, na upepo ukivuma unaleta mkupuo wa joto halafu wa baridi. Ndiyo maana sensa nyingi huwekewa kijiti cha chuma mbele ya uso wake, kwenye umbali unaojulikana, ili ijilinganishe nacho na kusahihisha hesabu. Nilikikuta kijiti cha namna hiyo kimepindwa na kubanwa juu kwa waya. Aliyekipinda aliniambia kwa nia njema kabisa kwamba kilikuwa kinanasa nguo zake. Siku hizi tunatumia boriti ndefu yenye sensa kadhaa zinazochukua wastani, hivyo kokoto moja au buti moja haiisumbui mashine. Lakini kijiti bado nakikagua kila asubuhi kabla injini haijawashwa.

Nisieleweke kama mtu anayechukia vidude. Kipo kimoja ambacho kama ningekipata mapema, kingeniokolea mabishano ya miaka: kamera ya joto. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walielekeza kamera za namna hiyo kwenye lami iliyotoka kutandazwa, wakaona mabaka ya baridi ambayo jicho haliyaoni, na mahali penye mabaka lami haikushindilika vizuri. Siku hizi zipo zinazofungwa nyuma ya peva zikachora ramani ya joto mfululizo. Mara ya kwanza nilipoiona ramani ya kazi yetu nilinyamaza. Ilikuwa na mistari ya bluu, rangi ya baridi, kama pundamilia, kwa vipimo sawasawa. Kila mstari ulikuwa badiliko la tipa.

Maelezo yake ni mepesi ukishaiona. Mzigo ukisafiri, juu na pembeni mwake hufanya ganda lililopoa. Ganda hilo pamoja na kokoto kubwa zilizoporomokea pembeni huishia kwenye mabawa ya hopa. Na sisi kila tipa likimaliza tulikuwa tunakunja mabawa, paa, tukiyamwaga yote katikati kwa fahari, eti hatupotezi hata kijiko. Tulikuwa tunaipikia barabara ukoko kila baada ya mita arobaini. Tukaacha kukunja hovyo, tukaacha hopa isiishe kabisa kati ya tipa na tipa, tukawabana madereva wafunike mizigo, na planti, kiwanda kinachochanganya lami, ikakubali kupakia kila tipa kwa marundo matatu, mbele, nyuma, kisha katikati, ili kokoto kubwa zisiporomoke. Bluu haikwisha yote, ila ilififia kwa kiasi kinachoonekana. Kwenye kazi kubwa kuna mashine ya kati inayopokea mzigo, kuuchanganya upya na kuulisha peva bila tipa kuigusa. Hiyo ndiyo dawa kamili, kwa mwenye uwezo nayo.

Na mwendo! Hapa niligombana na opereta mmoja, rafiki yangu mpaka leo, aliyependa kukimbia halafu asimame kungoja. Siku moja wakati tunangoja nilichukua chaki nikaandika kwenye ubavu wa hopa. Planti inatoa tani 120 kwa saa, yaani tani 2 kwa dakika. Tunatandaza upana wa mita 3.5 na unene wa milimita 50 baada ya kushindilia. Lami iliyoshindiliwa tuliihesabu kuwa na uzito wa tani 2.35 kwa mita ya ujazo. Kila mita ya barabara inakula kilo 411. Tani 2 kwa dakika zinatosha mita 4.9 hivi. "Wewe unakwenda 10," nikamwambia, "kwa hiyo nusu ya siku huna budi kusimama." Aliitazama hesabu ile kwa muda, akasema, "Bosi akiniona natambaa atasema nimelala." Alikuwa na hoja. Ilibidi msimamizi naye aletwe mbele ya ule ubavu wa hopa.

Sasa upande wa pili, wa mikono isiyofika inapotakiwa.

Jioni moja wingu lilikuwa linakuja, giza linaingia, na msimamizi akatuambia tuondoke, usafi tutafanya asubuhi. Hakuna aliyepinga. Tuliiacha peva na lami kwenye parafujo na kwenye njia ya minyororo. Asubuhi lami ile ilikuwa imekuwa jiwe. Opereta akapasha skridi moto kama kawaida, na skridi ikapata joto, lakini njia ya minyororo haina kipasha moto. Tipa la kwanza likaja, akabonyeza kulisha. Haidroliki ikalia sauti ambayo sijaisahau, mlio wa chini unaopanda kama mtu anayejikaza, kisha kishindo. Mnyororo wa kulia ulikuwa umekatika na parafujo haikusogea hata kidogo.

Niliingia chini na nyundo na patasi, mwenzangu upande wa pili na tochi ya gesi, tukibandua lami vipande vipande kuzunguka shafti. Kila nilipoinua kichwa niliona tipa limeongezeka kwenye foleni. Yalifika matano. Mzigo ulikuwa umetoka planti ukiwa na nyuzi 160. Tulipopata mnyororo wa akiba na kuufunga, nilichomeka kipimajoto katikati ya mzigo wa tipa la kwanza: 110. Juu ganda lilikuwa gumu kiasi kwamba ungeweza kusimama. Matipa yote matano yalirudishwa na mizigo yake, na kila dereva alipita mbele yetu polepole akitutazama.

Usafi tulioukwepa ungechukua dakika 20. Unazungusha minyororo na parafujo mpaka zitoke tupu, unanyunyiza dawa ya kuzuia kunata wakati chuma bado kina moto, unakwangua kingo za skridi, unatia grisi beringi za parafujo wakati huohuo kwa sababu grisi mpya husukuma nje uchafu kabla haujaganda. Halafu unazungusha tena. Ukingoja chuma kipoe, kila dakika moja uliyookoa jioni inakudai kumi asubuhi. Neno moja tu kwa wanaoanza: kazi hii hufanywa na watu waliochoka karibu na vyuma vinavyozunguka na lami inayounguza. Mmoja anasimama kwenye kitufe cha kuzimia na haondoki, hata akiitwa na nani. Lami moto ikikurukia kwenye ngozi, poza kwa maji mengi na uende kwa daktari nayo ikiwa imegandia palepale. Ukiibandua unabandua na ngozi.

Mnyororo wenyewe una hadithi yake. Ukilegea unarukaruka na kukwangua sakafu ya hopa, ukikazwa mno unakula meno ya gia na beringi. Kitabu cha mashine kinasema ulegee kiasi gani, na kitabu hicho kwenye mashine nyingi nilizozikuta kilikuwa bado kimefungwa kwenye nailoni yake.

Dizeli. Hili nalisema kwa sababu mkosaji ni mimi. Nilipokuwa kwenye rola, ngoma, lile gurudumu lake la chuma, ilianza kunata, lami ikipanda nayo kama utepe. Rola hunyunyiza maji kwenye ngoma ili isinate, na nozeli tatu kati ya saba zilikuwa zimeziba. Ziliziba kwa sababu chujio la tangi la maji lilikuwa jukumu langu na sikulifungua wiki tatu. Badala ya kusimama nizisafishe, nilichovya kitambaa kwenye dizeli nikaipangusa ngoma. Ikaacha kunata mara moja! Nikajiona fundi. Nikarudia kila baada ya muda, siku nzima.

Lami ni zao la mafuta ghafi, na dizeli pia. Zikikutana, dizeli inaiyeyusha lami na kuinyang'anya kokoto gundi yake. Haikupita miezi mingi sehemu ile ikaanza kumomonyoka, kokoto moja moja, kwa mabaka ambayo upana wake uliishia palepale ngoma yangu ilipoishia. Nilipelekwa kuangalia. Sikuulizwa kitu, nilioneshwa tu. Mabaka yalikatwa yakazibwa upya, na viraka vile bado vipo. Chujio lile linafunguka kwa mkono, bila spana.

Rola ndizo mashine ambazo watu huzidharau kuliko zote, eti kazi ni kwenda na kurudi. Lakini barabara inapata uhai wake hapo. Lami iliyoshindiliwa vizuri hubaki na nafasi za hewa kama asilimia 7 hivi. Kuna kanuni inayotajwa sana kwenye fani yetu kwamba kila asilimia moja juu ya hapo hula kama sehemu moja ya kumi ya umri wa barabara. Na muda wa kuzifukuza hizo hewa ni mfupi. Lami inatandazwa ikiwa na nyuzi 140 au 150, na ikishuka karibu na 80 haishindiliki tena, unaponda mawe tu. Tabaka jembamba siku ya upepo linaweza kukupa dakika chache sana.

Halafu kuna mwendo wa rola inayotikisa ngoma. Ngoma yetu hupiga mara 50 kwa sekunde. Ukienda kilomita 5 kwa saa, unapiga mapigo 36 kwenye kila mita. Ukienda 8 kwa sababu tipa ni nyingi na peva inakukimbia, yanabaki 22 tu, na ukiinama ukatazama uso wa lami jua likiwa chini utayaona yamelala kama ubao wa kufulia. Msimamizi akisema ongeza mwendo, jibu ni kuongeza rola.

Dada aliyekuwa akiendesha rola yetu ya mbele ndiye aliyenifanya niiamini ramani ya kushindilia. Ni teknolojia iliyoanzia Sweden miaka ya 1970, ya kupachika kipimo kwenye ngoma kisikilize namna ardhi inavyoirudisha. Baadaye zikaongezwa setilaiti zinazoonesha umepita wapi na mara ngapi. Alikuwa anahesabu mapito yake kichwani, matano kila mahali, na angekula kiapo. Ramani ikamwonesha kwamba kwenye ukingo wa kulia yalikuwa matatu. Hakununa. Siku iliyofuata alibadilisha mpangilio, akaanza kwa ukingo. Sampuli zilipokatwa, vile vipande vya duara kama vikombe, ukingo ulikuwa sawa na katikati.

Ila ni huyohuyo aliyenifundisha kuikatalia. Tukiwa chini ya daraja ramani ilimwonyesha eneo jeupe, kana kwamba hajapita kabisa. Opereta mwingine angerudi kulitwanga jeupe lile mpaka lijae rangi, lami ikiwa imeshapoa. Yeye alishuka, akaelekeza kipimajoto chini, akakuta 75, akatazama juu kwenye zege la daraja. "Fundi," akaniambia, "setilaiti haijaniona. Mimi najua nimepita." Akaegesha rola mahali palipopoa na kuandika kwenye daftari.

Mzee wa skridi alishastaafu. Nafasi yake ameshika kijana ambaye, niseme ukweli, anaielewa skrini kuliko mimi nitakavyoielewa maishani. Wiki yake ya kwanza nilimwambia atie mikono mfukoni, naye akanitazama vilevile nilivyomtazama mzee. Chaki nilimpa wiki ya pili. Alipima mistari mitano, akaongeza wa sita kwa hiari yake, kisha akachora kijigrafu kwenye simu.

Jana jioni, peva imeshasafishwa na pini za usalama za skridi zimefungwa, nilimkuta amelala chini yake na tochi mdomoni, anapima unene wa bamba kwa kalipa. Hakuna aliyemtuma. Katikati limebaki milimita 9. Ukingo wa kulia, mahali ambapo lami ya parafujo husugua zaidi, 6. Alitoka amejaa masizi mpaka masikioni, akaniuliza kama ndiyo maana tunazungusha mpini wa kulia kila siku.